Diski ya nje haionekani? Okoa faili kwanza, diski baadaye

Diski ya nje ikigoma, kosa linaloumiza zaidi ni kukubali ujumbe wa kufomati ili "ifunguke". Faili nyingi hupotea hapo, wakati diski yenyewe ilikuwa bado inasomeka. Hatua za hapa chini zinaanza na zile zisizogusa kilichomo ndani. Zinazoandika kwenye diski zije mwisho kabisa.

Iweke mezani, ichomeke, kisha weka kidole juu ya kasha. Diski yenye afya huanza kuzunguka ndani ya sekunde chache: utasikia mvumo mwembamba, na kidole kitahisi mtetemo mdogo usiokatika. Ikigonga tak, tak, tak kwa mpigo uleule kisha ikanyamaza, vichwa vya kusomea vinashindwa kufanya kazi. Chomoa mara moja, maana kuendelea kuiwasha kunaweza kukwangua sahani zenye data. Ikilia bipu hafifu, mota inataka kuzunguka na haiwezi: ama umeme hautoshi, ama vichwa vimenasa kwenye sahani, jambo la kawaida diski ikishaanguka. Umeme unaweza kuujaribu nyumbani. Vichwa ni kazi ya wataalamu wenye chumba kisicho na vumbi, kwa sababu vinaelea nanomita chache tu juu ya sahani na punje moja ya vumbi ni kubwa kuliko nafasi hiyo. Na ule ushauri wa kuiweka kwenye friza, tafadhali uache. Ikitoka humo inatoa jasho, na unyevu ukitua kwenye sahani umeongeza tatizo la pili.

Sasa umeme. Diski ndogo za inchi 2.5 zinategemea USB pekee. Tundu la USB 2.0 limepangiwa mA 500, la USB 3.0 mA 900, na mota inapoanza kuzunguka ndipo inapovuta zaidi. Kwa hiyo ondoa habu na waya wa kurefushia, chomeka moja kwa moja. Kwenye kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma, yaliyoungwa kwenye mazabodi (bodi kuu) yenyewe. Diski kubwa za inchi 3.5 zina adapta yake, mara nyingi ya volti 12. Ukiazima nyingine, volti na mpangilio wa chanya na hasi viwe vilevile, ampea zisipungue.

Waya nao huchoka, hasa ule wenye kichwa kipana cha sehemu mbili. Kama huna wa akiba, tazama tundu la diski kwa karibu: moja ya sehemu zake mbili ina umbo lilelile la micro-USB ya simu za zamani. Waya wa simu unaingia hapo, na diski itasomeka kwa mwendo wa USB 2.0. Hakikisha tu ni waya unaopitisha data, kwani kuna nyaya za kuchaji tu. Jaribu pia kompyuta nyingine kabla ya kuilaumu diski.

Inazunguka vizuri lakini haina aikoni? Bonyeza Windows na R, andika diskmgmt.msc, kisha Enter, dirisha la kusimamia diski lifunguke. Hapa ndipo ukweli unapoonekana:

Ikiwa ipo, ina ukubwa sahihi na mfumo wa faili lakini haina herufi, bofya kulia, chagua "Change Drive Letter and Paths", uipe herufi isiyotumika. Tatizo limekwisha.

Ikiandikwa RAW, mfumo wa faili haueleweki kwa Windows. Mara nyingi ilichomolewa au umeme ulikatika wakati inaandika. Pengine pia ilifomatiwa kwenye Mac, ambayo mifumo yake ya HFS+ na APFS Windows haisomi. Hapo diski haina ubovu wowote. Usifomati.

Ikiandikwa "Not Initialized" na dirisha likakuuliza MBR au GPT (mipango miwili ya kugawa diski upya), bonyeza Cancel kama ndani kuna kitu chako. Ikionekana bila ukubwa wowote, bodi ndogo ya USB inaitika ila diski nyuma yake haijibu. Diski nyingine ndani ya kasha zina SATA ya kawaida (kiunganishi kilekile cha diski za ndani ya kompyuta), unaweza kuihamishia kwenye adapta nyingine. Nyingine zina USB iliyochomelewa kwenye bodi yake, na baadhi husimba data kwa bodi hiyohiyo, kwa hiyo usitupe kasha.

Kabla ya kurekebisha chochote, pima afya kwa CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure. Angalia mistari 05, C5 na C6. Sekta (vipande vidogo vya diski) zilizohamishwa kwa ubovu zinahesabiwa kwenye 05. Zinazosubiri kwa sababu zimekataa kusomeka ziko C5, na zilizoshindikana kurekebishwa ziko C6. Programu huonyesha namba kwa mfumo wa heksadesimali, kwa hiyo 10 maana yake ni 16. C5 ikiwa juu ya sifuri na inapanda, nakili faili leo, ukianza na zisizopatikana kwingine.

Diski ikiganda wakati wa kunakili, tumia Linux na ddrescue, programu ya kunakili diski yenye matatizo. Thibitisha jina la diski kwa amri ya lsblk kwanza, uliweke badala ya sdb hapa:

sudo ddrescue -d -n /dev/sdb nakala.img nakala.map

Faili zote mbili ziwe kwenye diski nyingine yenye nafasi ya kutosha. Ile ya .map inakumbuka ilipofikia: umeme ukikatika, rudia amri ileile na kazi inaendelea. Baadaye TestDisk au PhotoRec, programu za kurejesha faili, ifanye kazi kwenye nakala, diski mgonjwa ipumzike.

Ndipo zamu ya chkdsk E: /f, amri ya Windows ya kurekebisha mfumo wa faili, inafika, na iwe kwa diski yenye afya tu, kwa sababu inaandika. Ukiweka /r itasoma diski nzima: TB 1 kwa mwendo wa MB 100 kwa sekunde ni karibu saa 3, na kwa USB 2.0 ni saa 8 au zaidi. Ifanye kwenye laptopu yenye betri nzima.

Folda zikigeuka njia za mkato baada ya diski kupita steshenari, hicho ni kirusi, na faili mara nyingi zimefichwa tu. Usibofye njia hizo. Safisha kompyuta kwa programu ya kuua virusi, kisha fungua Command Prompt:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Badilisha E kwa herufi yako. Ikitokea folda isiyo na jina, ingia humo; mara nyingi kirusi hukusanya kila kitu hapo.