Somo: Breki za dramu za nyuma zinapopiga kelele

Wakuu, Vitz, IST na Probox nyingi tunazoendesha zina breki za dramu nyuma: shuu mbili hutanuka na kubana kwa ndani dramu, yaani chuma cha duara kinachozunguka na tairi. Zikianza kulia, watu hukimbilia dukani kununua breki shuu. Msinunue kitu kabla hamjajua kelele inatoka wapi.

1. Sikiliza. Kwenye eneo wazi, nenda kama kilomita 20 kwa saa, bonyeza kitufe cha hendibreki huku ukiivuta taratibu. Hiyo inashika nyuma tu, kwa hiyo sauti ikibadilika, fungua dramu. Mvumo unaopanda na mwendo bila kujali breki ni wa kutafuta kwenye beringi. Mkwaruzo wa asubuhi baada ya mvua ni kutu, utaisha njiani.

2. Fungua. Kinga tairi za mbele kwa mawe, legeza nati, piga jeki, weka stendi, ndipo ushushe hendibreki. Dramu ikigoma, nyundo ya nini? Ina matundu mawili yenye tredi. Kaza humo bolti mbili za milimita 8, huku kidogo na huku kidogo, itatoka yenyewe. Anza upande mmoja, ule mwingine ukuonyeshe springi zinavyokaa.

3. Vumbi. Usipulize. Shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Lowesha kwa maji ya sabuni, ufute.

4. Kagua. Lainingi, yaani tabaka la msuguano lililo juu ya shuu, ikibaki milimita 1, badilisha pande zote mbili. Ikiwa inang'aa kama kioo, ndiyo inayolia "kwiii". Isugue kwa msasa. Ile "ko!" ya kukanyaga pedeli ndiyo huwapotosha mafundi wengi. Toa shuu, tazama bati lililo nyuma yake: kuna sehemu ndogo zilizoinuka ambapo kingo za shuu huteleza. Zikikauka au kuchimbika, shuu hunasa halafu hufyatuka. Safisha, paka grisi ya kuhimili joto, kiasi kidogo sana, isiguse lainingi.

Maswali

*Mkuu, ndani nimekuta majimaji.*
Inua mpira wa silinda ndogo ya breki. Ukikuta mafuta ya breki, inavuja. Kwa gari za kusukuma nyuma kama Hiace, inaweza kuwa oili ya difu, yaani gia za ekseli ya nyuma. Lainingi iliyolowa usihangaike kuiosha, badilisha.

*Fundi anataka kuchonga dramu, nikubali?*
Soma kipenyo cha mwisho kilichochapwa kwenye dramu. Ikichongwa ikapita hapo, nunua nyingine.

*Shuu mpya, lakini zinakwaruza kila tairi ikizunguka.*
Zungusha tairi kwa mkono, kaka. Mkwaruzo mwepesi ni kawaida. Ikiwa nzito, rudisha ajasta, ile skrubu yenye meno inayotanua shuu, meno machache ujaribu tena.