Kilomita 21 za Moshi, ukijiandaa ukiwa Uyole

Nashona Mwanjelwa, nalala Uyole, hapa jijini Mbeya, nina miaka 44 na watoto watatu. Nusu marathoni ya Kilimanjaro, hiyo ya Moshi, nimeikimbia mara mbili. Ya pili nilitumia saa 2 na dakika 34, na safari hii sikufika nikichechemea. Naandika kwa mtu wa aina yangu: ana kazi, hana kocha, anaamka saa kumi alfajiri kwa sababu muda mwingine hana.

Tuanze na mwendo, maana hapo ndipo wengi tunapoharibu. Tangu Alphonce Simbu atwae ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo, Septemba 2025, akimpita mwenzake kwa sekunde 0.03 tu, vijana wa mtaani kwetu wanatoka asubuhi wakifukuzana kama wameibiwa. Simbu alimaliza kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, yaani kila kilomita dakika 3 na sekunde tano hivi. Mimi kilomita moja ya kupandisha kuelekea Igawilo inanila dakika 9, na sioni aibu. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na barabara tambarare ni za kutafuta. Ukifuata saa ya mkononi utajichosha bure. Fuata pumzi.

Kipimo changu ni salamu. Alfajiri kwenye barabara ya Tukuyu nakutana na akina mama wanaopeleka ndizi na maparachichi sokoni, na salamu za kwetu haziishii kwenye "Ugonile". Utaulizwa nyumbani, watoto, kazi, na kama kuna msiba unaokukimbiza hivyo. Nikiweza kuitikia yote bila kukata neno, mwendo ni sahihi. Nikijikuta nainua mkono tu, napunguza, hata ikibidi nitembee. Nakimbia siku tatu kwa wiki, na siku mbili kati ya hizo ni za mwendo huo wa salamu.

Mwaka wa kwanza sikuyajua haya. Nilikimbia kila siku, tena kwa nguvu, nikiamini kwamba nisipoumia sijafanya kitu. Wiki ya tano muundi ukaanza kuuma, nikajifanya sisikii, na mwishowe nikakaa wiki tatu nakanyaga cherehani kwa mguu mmoja. Uchovu wa misuli huisha ndani ya siku chache. Maumivu yanayokaa sehemu moja kwenye mfupa, na yanazidi kadiri unavyokimbia, hayo simama. Yakiendelea hata ukiwa umekaa, nenda hospitali.

Mbio za Moshi huwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kwa hiyo mtu anayehitaji wiki 16 anaanza Novemba mwanzoni, mvua zinapofungua. Jumanne nakimbia dakika 40 polepole. Alhamisi ni ya vilima. Jumamosi ni safari ndefu, kwa kuwa Jumapili nina kwaya. Hiyo ndefu ianze na kilomita 6, uongeze moja kila wiki, mbili ukiwa na nguvu, halafu kila wiki ya nne upunguze ili mwili upumue. Ukifika 18, wiki mbili au tatu kabla ya mbio, inatosha. Hizo tatu zilizobaki utazipata siku yenyewe.

Mvua yetu mara nyingi hunyesha mchana na jioni, hivyo asubuhi kinachokusumbua ni tope na ukungu. Vaa nguo ya rangi inayoonekana, kimbia upande wa kulia ili malori ya mpakani yaje usoni kwako, na mwanamke asitoke peke yake gizani. Mimi natoka na jirani yangu. Radi ikisikika, usipande mlima Loleza kabisa.

Sasa mteremko. Kila mtu anaogopa kupanda, lakini mapaja yangu yaliharibiwa na kushuka. Njia ya Moshi inapandisha kuelekea Mweka kisha inakurudisha chini, na mwaka ule wa kwanza nilipanda vizuri, nikaachia miguu kwenye kushuka, nikawapita watu wengi. Kufika kilomita ya 17 mapaja yalikuwa yamekaza kama turubai lililokauka juani, na wale wote wakanipita tena, mmojawapo babu mwenye mvi. Kushuka, msuli wa paja unafanya kazi ya breki huku unavutwa, na ndiyo inayouchana. Dawa yake ni kuuzoesha. Alhamisi napanda kilima kwa dakika mbili, nageuka, nashuka kwa hatua fupi za haraka, magoti yamelegea kidogo, kifua kisiegemee nyuma. Naanza na mara nne, nafika mara nane.

Raba nanunua mitumba ya soko la Sido, na nimekosea mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Usidanganywe na rangi. Bonyeza soli kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama ubao, imekufa. Iweke mezani uitazame kwa nyuma, na kama imelalia upande mmoja, mwenye nayo wa kwanza ameshaizoesha miguu yake. Nenda jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na uache nafasi ya kidole gumba mbele, la sivyo kucha zitageuka nyeusi. Mafuta ya mgando pakaa kwapani na katikati ya mapaja. Mimi nimeshonea kaptula kijimfuko cha ndani cha kuweka elfu mbili ya bajaji, na imeniokoa mara tatu.

Chakula sibadilishi sana: wali, viazi, ndizi, maharage, dagaa. Kabla ya safari ndefu nanywa uji wa ulezi, saa moja na nusu mapema. Zikizidi kilomita 12 nabeba maji yenye sukari na chumvi kidogo.

Moshi iko chini sana kuliko kwetu, kwa hiyo pumzi utakuwa nayo. Joto ndilo litakalokutesa mtu wa Mbeya. Fika siku mbili kabla, kunywa maji kila kituo bila kujijaza, na kilomita tano za kwanza nenda kwa mwendo wa salamu hata wote wakikupita. Wiki ya mwisho kimbia mara mbili tu, dakika 20.

Tiketi ya kurudi usikate ya siku ileile. Na ukikata, chukua kiti cha upande wa njia, miguu ipate pa kunyooka, maana kabla hujafika Iringa mapaja yatakuwa hayakunjiki.