Mgeuzo wa Fourier kwa mkono: kutoka mpigo mmoja hadi bamvua la Kilindini

Ukikariri jedwali la migeuzo bila kukokotoa hata mmoja kwa mkono, swali likipindishwa kidogo tu utakwama. Mgeuzo wa Fourier huonyesha ishara imeundwa na frikwensi zipi, na kila moja kwa kiasi gani. Anza na fomula yenyewe:

X(f) = ∫ x(t) e^(−j2πft) dt, kuanzia −∞ hadi +∞

Isome hivi: chagua frikwensi moja, f. Zidisha ishara x(t) kwa wimbi la frikwensi hiyo, halafu jumlisha kwa muda wote. Kama ndani ya ishara hamna kinachokwenda sambamba na wimbi hilo, chanya na hasi hufutana. Kikiwamo, jumla hukua. Kumbuka e^(−j2πft) ni cos(2πft) − j sin(2πft), ambapo j ni kipeo cha pili cha −1 (√−1). Kosini na sini hupimwa pamoja kwa sababu hujui wimbi la ishara lilianzia wapi. Jibu huwa namba changamano: ukubwa wake ni kiasi cha frikwensi hiyo, pembe yake ni fezi, yaani mahali wimbi lilipoanzia.

Sasa chukua kalamu. Mpigo wa mstatili una kimo A = volti 2 na upana τ = milisekunde 1, kitovu chake t = 0. Nje ya mpigo hamna kitu, kwa hiyo mipaka ni −τ/2 hadi τ/2, na matokeo ni:

X(f) = Aτ · sin(πfτ) / (πfτ)

Penye f = 0 utaona 0/0, na wengi huandika sifuri. Sivyo. Rudi kwenye integrali, weka f = 0, na kinachobaki ni eneo la mpigo: 2 × 0.001 = 0.002 volti-sekunde. Penye 500 Hz unapata 0.00127. Penye 1000 Hz ni sifuri kabisa, maana mzunguko mmoja mzima umeenea ndani ya mpigo na kujifuta. Ukiufupisha mpigo hadi nusu milisekunde, sifuri hiyo husogea hadi 2000 Hz. Ukiuchelewesha kwa t0, ukubwa haubadiliki. Ni fezi tu inayoongezewa −2πft0.

Tahadhari moja ya haraka: ukitumia ω = 2πf badala ya f, mgeuzo wa kurudi unadai 1/(2π) mbele yake. Shika mtindo mmoja, usichanganye.

Umbo hilo la sin(x)/x ndilo litakalokusumbua kwenye vipimo halisi. Tazama maji ya Kilindini, bandari ya Mombasa, yanayojaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mawimbi mawili makubwa yanayoyaendesha ni la mwezi, lenye kipindi cha saa 12.42, na la jua, saa 12 kamili. Yakienda pamoja ni bamvua. Yakipingana ni maji mafu. Kosini isiyo na mwisho haina integrali inayotulia, ndiyo maana hupewa delta, mstari usio na upana. Lakini hakuna anayepima maji milele. Unapima kwa saa T, yaani umezidisha kosini kwa mstatili, na kila delta inavimba kuwa sin(x)/x yenye kimo AT/2, moja penye f0, frikwensi ya kosini yenyewe, na nyingine penye −f0. Sifuri yake ya kwanza iko 1/T pembeni.

Frikwensi za mawimbi ya mwezi na jua ni mizunguko 0.08051 na 0.08333 kwa saa, tofauti 0.00282. Ukipima siku 10 (saa 240), 1/T ni 0.00417: vilele viwili vinamezana kuwa kimoja. Ukipima siku 30 (saa 720), 1/T ni 0.00139 na vinaachana. Mpaka ni saa 354 hivi, siku 14.77, na si sadfa: ndio muda wa kutoka bamvua la mwezi mwandamo hadi la mwezi mpevu. Mvuvi ambaye hajapitia mzunguko huo hawezi kutofautisha mwezi na jua, na integrali nayo haiwezi.

Kosa linaloharibu grafu nyingi ni kusahau kutoa wastani. Tuseme kina cha wastani ni mita 2 na T ni saa 720. Penye f = 0 panasimama kilele cha 1440, na mikia yake, yaani vilima vidogo vya sin(x)/x vinavyoenea pembeni, karibu na frikwensi ya mara moja kwa siku hufika 15. Wimbi la kila siku lenye kimo cha mita 0.1 lina 36 tu, kwa hiyo kipimo chako kinaweza kukosea kwa zaidi ya theluthi. Toa wastani kwanza, kisha geuza. Halafu zidisha kilele kwa 2/T ili upate mita. Kimo cha kilele peke yake hukua kila unapoongeza siku, na si kwamba bahari imechafuka.

Mikia ikizidi kusumbua, punguza ncha za rekodi polepole kwa kuzidisha kwa ½(1 + cos(2πt/T)), t = 0 ikiwa katikati. Mikia hulala, ila kilele hupanuka maradufu na kimo chake hushuka nusu, kwa hiyo rekebisha kwa 4/T, na sasa unahitaji siku 29.5 ili kutenganisha mwezi na jua.