Kuosha gari kwa mkono msimu wa baridi, huku Nyanda za Juu Kusini

Jumamosi iliyopita mpwa wangu alipanda kutoka Dar na IST yake, akafika Mbeya imejaa vumbi hadi namba hazisomeki. Saa kumi na mbili jioni akachukua ndoo. Nikamwambia aiweke chini, tutaosha kesho. "Mjomba, kwani si kuosha gari tu?" Kuosha ndiyo kazi ndogo. Kuanzia Juni hadi Agosti, kwetu huku kazi kubwa ni kukausha. Kesho yake tulifanya hatua hizi, naziandika kama nilivyomwelekeza.

1. Chagua saa na mahali

Anza saa nne asubuhi, umalize kabla ya saa saba. Hapo gari linabakiwa na saa nne au tano za jua na upepo kabla baridi haijarudi. Jioni usioshe kabisa, hata kama kesho kuna harusi.

Jua la huku linadanganya. Hewa ni baridi na vidole vinakufa ganzi, lakini boneti nyeusi iliyoachwa juani inapata moto wa kukausha sabuni kabla hujaisuuza, na sabuni ikikaukia kwenye rangi inaacha mabaka. Kwa hiyo osha kivulini, kisha lisogeze gari juani likauke. Kivuli kiwe cha nyumba au ukuta. Ukiegesha chini ya mti wa paini, utomvu utakaodondoka utakusumbua kuliko vumbi lenyewe.

2. Maji ya vuguvugu, yasiwe ya moto

Ndoo mbili za lita 20: moja ya shampuu, moja ya kusuuzia glavu. Kwenye kila ndoo natia lita 15 za maji ya bomba na lita 5 za maji yaliyochemka. Kwa mwinuko wa Mbeya mjini, karibu mita 1,700, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo mchanganyiko huo unakupa nyuzi 30 na kitu. Mkono unavumilia na shampuu inatoa povu vizuri.

Usimwagie maji yanayofuka mvuke kwenye kioo cha mbele. Anayeendesha barabara ya Tunduma nyuma ya malori anajua kokoto zinavyorushwa. Kidonda kidogo cha kokoto ambacho umekizoea, kikikutana na maji ya moto juu ya kioo cha baridi, kinaweza kugeuka ufa unaokimbia kutoka upande huu hadi ule.

3. Magurudumu kwanza

Brashi yake, ndoo yake, kitambaa chake. Visiguse bodi.

4. Lowesha ukoko kabla ya kugusa

Msimu huu mvua hakuna, lakini umande upo. Vumbi la mchana linalowa usiku, linakauka asubuhi, na baada ya siku tatu gari lina ukoko. Ndani ya ukoko huo mna mchanga. Ukipitisha kitambaa kikavu, au hata kibichi, unaisugua rangi kwa msasa, na ile mikwaruzo ya mduara unayoiona juani kwenye magari mengi imetokana na hapo.

Mwagia maji kuanzia paa kushuka chini, subiri dakika tano, mwagia tena. Bila mpira wa maji, tumia kopo, lakini mimina mengi. Mashine ya presha siikatai kwa matope ya chini ya gari. Kwenye mipira ya milango siipendi, kwa sababu inasukuma maji mahali ambapo kwa baridi hii hayatoki.

5. Shampuu

Shampuu ya gari, si sabuni ya unga wala ya vyombo. Hizo zinakula nta inayolinda rangi. Tumia glavu ya maikrofaiba yenye nyuzi ndefu, maana sponji inashikilia mchanga juu juu na kuuburuza. Paa, vioo, boneti, milango, bampa, kwa mstari ulionyooka. Osha kipande kimoja, kisuuze, ndipo uende kingine.

6. Kukausha

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Makete kwenye posa na Corolla yangu. Nilifika jioni, gari chafu, nikaona aibu kulala nalo hivyo. Nikaliosha, nikapitisha kitambaa juu juu, nikavuta hendibreki, nikaingia ndani kuota moto. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu. Mlango wa dereva haukufunguka. Maji yaliyobaki kati ya mpira na bodi yalikuwa yameganda, na nilipovuta kwa nguvu mpira ulichanika, karibu shibiri nzima. Nilipofanikiwa kuwasha na kutia gia, gurudumu la nyuma la kushoto likagoma kuzunguka. Tulikaa hadi karibu saa nne, jua lilipofika uani, ndipo breki ikaachia. Wazee walikuwa wamekwisha ondoka na gari lingine.

Mbeya mjini au Iringa baridi ya namna ile ni nadra. Lakini ukielekea Makete, Kitulo, au maeneo ya juu ya Njombe mwezi wa sita na wa saba, itegemee. Na hata pasipo barafu, maji yaliyojificha yanaleta kutu. Kwa hiyo fanya yote haya, bila kuruka:

Kausha bodi kwa taulo kubwa la maikrofaiba. Lilaze, livute taratibu, usisugue. Taulo moja halitoshi, weka mawili, la pili likiwa kavu kabisa.

Kisha fungua kila mlango, na buti, na boneti. Futa mpira wote kwa kitambaa kikavu, mzunguko mzima, pamoja na chini ya mlango ambako maji yanatuama. Pale chini pana vitundu vya kutolea maji, vikizibwa na tope mlango unaoza kutoka ndani. Vizibue kwa njiti ya kiberiti. Mpira ukishakauka, upake glisirini kidogo sana kwa kitambaa, ile ile ya dukani tunayopaka mikono ikipasuka kwa baridi. Inazuia mpira kushikamana na bodi. Mafuta ya mgando yaache, kwa sababu yanatokana na mafuta ghafi na mpira unavimba na kulegea. Silikoni ya kupuliza ni nzuri zaidi ukiipata, lakini glisirini imenitosha miaka yote.

Sogea kwenye vioo vya pembeni, vishikio vya milango, kifuniko cha tangi na nyuma ya namba za gari. Gonga kwa kiganja, maji yatachuruzika, futa. Rudia baada ya dakika kumi, maana lazima yatatoka mengine. Wipa ziinue, zifute, uzirudishe.

Breki ndiyo mwisho, na ndiyo watu wanayoisahau. Gari likishaoshwa usiliegeshe hapo hapo. Liendeshe taratibu kilomita mbili tatu, ukikanyaga breki kidogo kidogo, ili joto likaushe diski na ngoma. Ukirudi, tafuta mahali pa tambarare, acha kwenye gia, au P kwa gari la otomatiki, weka jiwe kwenye gurudumu mbele na nyuma, na hendibreki usiivute usiku huo. Kama kwako ni mlimani tu, kama kwa wengi hapa Mbeya, ivute, lakini ongeza mwendo wa kukausha hadi uwe na uhakika.

7. Ndani

Usimwage maji ndani mwezi wa saba. Najua vijana wengi wa kuosha magari wanapenda kulowesha kapeti kwa povu, na Dar linakauka kesho yake. Huku linakaa wiki, linanuka, na alfajiri vioo vyote vinajaa ukungu. Nimewahi kuondoka Mbeya saa kumi na moja na kapeti bichi, nikasimama mara nne kufuta kioo kabla ya kufika Inyala, malori yakinipita kwa karibu.

Toa mati, zikung'ute, zifue peke yake. Kapeti lipige brashi kavu. Likiwa limekwisha kulowa, bandika magazeti juu yake, ukanyage, ubadilishe hadi yasilowe tena. Njiani, washa AC pamoja na hita, ukielekeza hewa kwenye kioo. Mpwa wangu alishangaa kuambiwa awashe AC kwenye baridi, lakini AC inanyonya unyevu, na ukungu uliondoka mbele ya macho yake.

8. Vitambaa

Fua taulo na glavu siku hiyo hiyo kwa sabuni kidogo, bila kilainisho cha nguo, kwa sababu kinaziba nyuzi na kitambaa kinaacha kunywa maji. Anika kwenye upepo, mbali na vumbi la barabara. Kitambaa kilichodondoka chini usikirudishe kwenye bodi kabla hakijafuliwa.