Jinsi ya kuchora ramani ya ionosfia ukiwa na vituo vichache vya GPS

Kama una vituo kumi au kumi na tano hivi vimetawanyika kwenye eneo kubwa na unataka ramani kamili ya ionosfia (tabaka la juu la angahewa lenye elektroni huru), usikimbilie kuchagua fomula ya intapolesheni, yaani ya kukadiria thamani za katikati ya vipimo. Wengi wanaanzia hapo halafu wanashangaa mbona ramani imejaa mabaka, kumbe shida iko kwenye data yenyewe.

Setilaiti inatuma mawimbi kwa masafa mawili, L1 megahezi 1575.42 na L2 megahezi 1227.60, ionosfia inayachelewesha kwa viwango tofauti na hiyo tofauti ndo inakupa jumla ya elektroni njiani, yaani TEC. Inahesabiwa kwa kizio kiitwacho TECU (elektroni 10^16 kwa kila mita ya mraba), na TECU 1 inaongeza kama sentimita 16 za kosa la umbali kwenye L1. Sasa, ndani ya hiyo tofauti kuna ucheleweshaji wa vifaa vyenyewe, wa setilaiti na wa risiva (kipokezi cha kituo), na nanosekunde 1 tu ni karibu TECU 2.85. Usipouondoa, kituo kizima kinapanda au kinashuka, usiku wa manane unakuta TEC iko hasi, kitu ambacho hakiwezekani. Krigingi, fomula ya intapolesheni nitakayokushauri hapo chini, haitakusaidia hapo, itakuchorea kilima kizuri tu juu ya kituo kibovu.

Halafu kumbuka kipimo hakipo juu ya kituo. Kipo pale mstari wa kwenda kwenye setilaiti unapotoboa tabaka, ambalo kwa kawaida tunalichukulia liko kilomita 450 juu. Chukua setilaiti iliyo nyuzi 20 tu juu ya upeo wa macho: nukta yake iko karibu kilomita 960 kutoka kwenye kituo, na TEC ya mshazari inabidi uigawe kwa 2.09 hivi ili upate ya wima. Kwa hiyo 60 inakuwa kama 29. Setilaiti za chini zaidi ya hapo mimi nazitupa, makosa yake ni makubwa mno.

Ukikusanya vipimo vya nusu saa pamoja ili upate nukta nyingi, tumia saa ya jua (wakati wa mahali kulingana na jua lilipo) badala ya longitudo, maana dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa na ionosfia inafuata jua. Watu wanasahau hili kabisa.

Haya, fomula. Ile ya kupima uzito kwa umbali, ambapo nukta ya karibu inahesabiwa zaidi, ni rahisi, ila inaacha miduara kuzunguka kila nukta na haijui kwamba nukta tano zilizobanana zinasema kitu kilekile. Hamoniki za tufe, yaani mawimbi ya kihisabati yanayofunika tufe zima, zinafaa kwa ramani ya dunia nzima, lakini kwa data chache zinayumba vibaya sehemu zisizo na vipimo, hasa baharini.

Mi nakushauri krigingi, inayopa kila nukta uzito kulingana na jinsi vipimo vinavyofanana kadiri ya umbali. Ondoa kwanza mwelekeo mkubwa, mfano toa thamani za ramani ya dunia ya IGS (huduma ya kimataifa ya data za GPS na setilaiti kama hizo), ile yenye gridi ya nyuzi 2.5 kwa 5, ubaki na mabaki tu. Ukiwa karibu na ikweta ya sumaku usitumie bapa la kawaida (uso ulionyooka) kama mwelekeo, kwa sababu kule kuna vilima viwili vya elektroni, kama nyuzi 15 kila upande, na bapa linavifuta vyote. Kisha chukua kila jozi ya nukta, nusu ya mraba wa tofauti yao, panga kwa umbali na chora grafu, hiyo ndo variogramu, inaonyesha ufanano unavyopungua kadiri umbali unavyoongezeka. Itazame kwa macho yako kabla programu haijakufitishia mkunjo! Chora ya mashariki-magharibi peke yake na ya kaskazini-kusini peke yake, mara nyingi utaona ufanano unafika mbali zaidi mashariki-magharibi, basi mpe krigingi umbali tofauti kwa kila upande.

Kupima ubora, usifiche nukta moja moja, maana nukta jirani ni za risiva ileile na zitakupa majibu matamu ya uongo. Ficha kituo kizima, tabiri vipimo vyake kutoka kwa vilivyobaki, linganisha, rudia kwa kila kituo.

Krigingi inakupa pia ramani ya makosa, ichapishe pamoja na ile ya TEC, na pale ambapo kosa linakaribia mtawanyiko wa mabaki yenyewe acha peupe, usipake rangi.