Ukiokota mtoto wa panya buku, joto kwanza

Wa kwanza nilimuua mwenyewe kwa huruma. Ilikuwa Juni hapa Kiwira, ukungu haujaondoka mpaka saa nne, mbwa wetu kafukua shimo chini ya migomba na kummaliza mama mtu. Nikaokota mtoto mmoja, wa baridi kama kokoto ya mtoni, nikakimbilia maziwa. Yakamtokea puani. Jioni nikamzika.

Mtoto aliyepoa hawezi kusaga chakula. Jaza maji ya moto kwenye chupa ya soda, izungushie kitenge chakavu, ilaze upande mmoja tu wa boksi ili joto likimzidi ajisogeze. Maji yakipoa, badilisha. Usiku utaamka, hakuna namna. Mshike kwa glavu na boksi lisikae jikoni: viroboto wa panya hueneza tauni, na mkojo wake unaweza kukuletea homa ya mgunda, ile iliyosumbua Lindi mwaka 2022.

Wa pili nilimwita Jero, yaani mia tano, maana alikuwa hajafika hata nusu ya buku, ile elfu moja. Huyu nilimlisha maziwa ya mbuzi ya uvuguvugu, niliyoyapunguza makali kwa maji yaliyochemshwa, kwa bomba dogo la sindano lisilo na sindano. Mlaze kifudifudi, kichwa kimeinuka kidogo. Kamwe usimlaze chali kama mtoto wa mtu. Weka tone mdomoni, subiri alambe, ndipo uongeze. Kila baada ya saa tatu. Akishashiba, mpanguse chini ya tumbo kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu mpaka akojoe. Mama yake angefanya hivyo kwa ulimi. Mimi hapo ndipo nilipochekwa sana na shangazi, ambaye tangu siku ya kwanza alikuwa anauliza mboga itaiva lini.

Macho hufunguka kati ya wiki ya tatu na ya nne, na mazoea huanza hapo. Panya buku haoni vizuri, anaishi kwa pua. Nilimtandikia kilemba nilichoshinda nacho shambani, hakijafuliwa. Giza likiingia nalaza kiganja sakafuni, ndizi mbivu iliyopondwa katikati, nanyamaza. Siku nne alichukua na kukimbia. Ya tano alikaa akala, masharubu yakinitekenya kidole. Usimkamate kutoka juu, atadhani ni mwewe. Mkia usiuguse kabisa. Kabla ya kila ndizi nagonga ulimi, ko! Kule SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wanaofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu hutumia mtindo huohuo: mlio, kisha ndizi.

Nenda mapema kwa afisa wanyamapori wa wilaya ukaulize kibali, kabla hujampenda. Na kama mama yake bado yuko hai, mwache shimoni.

Banda liwe la wavu wa chuma. Langu la mbao za paini Jero alilitoboa kwa usiku mbili, akahamia nyuma ya kabati. Mkubwa hupita kilo moja na anaweza kuishi miaka minane, na mashavu yake ni mifuko. Nilipovuta kabati nilikuta karanga, betri ya redio na hereni niliyomsingizia binti wa jirani. Ilibidi niende kuomba radhi.