Sola ya gridi kuzima umeme ukikatika

Kama sola yako imeungwa na gridi (mtandao wa umeme wa taifa) bila betri, umeme ukikatika na friji ikazima saa sita mchana, jua likiwaka, usimlaumu fundi. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, haijaharibika. Muda wote inapima volti na hezi (idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde) za laini ya gridi. Zikipotea, inajizima, na viwango vya kimataifa vinataka isizidi sekunde 2. Isipozima, umeme wako unarudi kinyume kwenye transfoma na kupandishwa hadi msongo wa kati, mara nyingi volti 11,000, kwenye waya ambao fundi aliye juu ya nguzo anaamini umezimwa. Umeme ukirudi, ipe kama dakika 5 ikague laini. Na tafadhali, nyaya zinazoshuka kutoka paani usiziguse: paneli zikipigwa na jua bado zina umeme.